Neno "vaccine" na ng'ombe wake

Swali: Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Morogoro ameniandikia hivi: "Nilikuwa nafundisha kinga ya mwili, nikawaambia wanafunzi kwamba neno la Kiingereza 'vaccine' linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe, kama kitabu kinavyosema. Darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja akataka kujua kama basi kwenye kile kichupa kuna damu ya ng'ombe. Mwenzake akauliza, matone ya polio hayamchanji mtu popote, mbona nayo tunayaita chanjo? Sikuwa na jibu la kuwatosheleza. Naomba unieleze kwa urefu, ng'ombe aliingiaje humo, na neno letu lina habari gani?"

Jibu: Mwalimu, kitabu chako kimesema kweli, ila kimekata habari katikati. Kumwambia mtoto kwamba neno fulani "linatoka Kilatini" bila kumwambia nani alilichukua, lini na kwa kazi gani, ni kumwachia kichekesho tu. Ngoja tuanze na ng'ombe mwenyewe.

Kwa Kilatini "vacca" ni ng'ombe jike. Fahali alikuwa "taurus", na ng'ombe kwa ujumla, hasa yule wa kuvuta plau, alikuwa "bos". Warumi wa enzi za Kaisari walilitamka "wakka", kwa kuwa herufi v kwao ilikuwa na sauti ya w. Neno hilo halikufa pamoja na dola yao. Mreno na Mhispania hadi leo wanasema "vaca", Mfaransa "vache". Mchunga ng'ombe wa Kihispania aliitwa "vaquero", na wachungaji wenzake Wamarekani waliposhindwa kulitamka wakapata "buckaroo". Kutokana na "vacca" kukapatikana kivumishi "vaccinus", yaani cha ng'ombe au kinachohusu ng'ombe. Basi, ndiyo hiyo tu. Mrumi angesikia "vaccinus" angewaza maziwa, ngozi au nyama. Chanjo hakuijua. Kwa hiyo hapa hatuna neno lililosafiri taratibu kutoka Roma likabadilika maana njiani. Tuna neno lililochukuliwa kwenye kamusi na mtu mmoja wa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18, kwa sababu alihitaji jina la kidaktari kwa ugonjwa wa viwele.

Ugonjwa uliokuwa ukitisha watu wakati huo ni ndui. Wanafunzi wako hawajawahi kumwona mgonjwa wa ndui, lakini bibi na babu zao wanaweza kuwa waliwaona watu wenye uso uliojaa mashimo, au waliopofuka. Kati ya watu 10 walioshikwa na ndui kali, wapatao 3 walikufa. Aliyepona hakuugua tena. Kwa kulijua hilo, watu wa sehemu nyingi za dunia, India, China, Uturuki na Afrika, walibuni njia ya ujasiri: unachukua usaha wa mgonjwa mwenye ndui nyepesi, unampaka mtu mzima wa afya kwenye mkwaruzo wa ngozi, naye anaugua kidogo kisha anakuwa salama. Wengine walikufa kwa njia hiyo, ila wachache.

Wazungu waliipata mbinu hii wakiwa wamechelewa. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliiona Istanbul, akamfanyia mwanawe mwaka 1718 na binti yake London mwaka 1721. Mwaka huohuo wa 1721, mji wa Boston, Marekani, ulivamiwa na ndui, na huko aliyeleta habari alikuwa Mwafrika. Mchungaji wa kanisa, Cotton Mather, alikuwa na mtumwa aliyempa jina la Onesimus. Alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, Onesimus alimjibu ndiyo na hapana: alifanyiwa kwao Afrika, akamwonyesha na kovu mkononi. Kwa habari hiyo daktari Zabdiel Boylston alianza kuwafanyia watu wa Boston, akianza na mwanawe mwenyewe. Katika watu zaidi ya 240 aliowafanyia walikufa 6, wakati walioshikwa na ndui ya kawaida mjini walikufa wapatao 14 katika kila 100. Huwa nashangaa kwamba vitabu vyetu vya shule vinamtaja Jenner, daktari Mwingereza tutakayemfikia sasa hivi, kila mara na Onesimus karibu kamwe.

Njia hiyo ya zamani Waingereza waliiita "inoculation", nalo ni neno la Kilatini vilevile, ila halina ng'ombe ndani yake. Lina jicho. "Oculus" ni jicho, na kwa wakulima wa Kirumi jicho lilikuwa pia lile chipukizi dogo kwenye tawi, kama sisi tunavyosema macho ya kiazi. "Inoculare" ilikuwa ni kulitoa jicho la mti mmoja na kulipachika kwenye gome la mti mwingine, kazi ambayo mabwana shamba wetu wanaiita kubebesha. Unachana gome, unapenyeza jicho, unafunga. Aliyekuwa anapachika usaha wa ndui chini ya ngozi ya mtoto aliona anafanya kitu kilekile, na jina likahama kutoka shambani hadi hospitalini. Waarabu walifikia hapohapo kwa njia yao: "tat'im" kwao ni kubebesha mti na ni kuchanja pia, jambo ambalo Waswahili wa Muscat watakuthibitishia. Hata "impfen" ya Kijerumani ilianza kwenye miti ya matunda.

Sasa tuje kwenye zizi.

Wafugaji wa magharibi na kusini mwa Uingereza walikuwa na usemi wao wa siku nyingi kwamba mwanamke anayekamua maziwa haugui ndui. Ng'ombe wao mara kwa mara walitokwa na vidonda kwenye chuchu, na mkamuaji akiwa na mchubuko mkononi aliambukizwa, akapata lengelenge moja au mawili, homa ya siku chache, basi. Baada ya hapo ndui ilimpita mbali. Ugonjwa huo uliitwa kienyeji "cowpox", yaani ndui ya ng'ombe. Mkulima mmoja wa Dorset, Benjamin Jesty, hakungoja daktari. Mwaka 1774, ndui ilipokaribia kijijini, alimchukua mke wake na wanawe wawili hadi kwenye zizi la jirani, akawachoma mikono kwa sindano ya kufumia soksi iliyochovywa kwenye vidonda vya kiwele. Majirani walimzomea. Jesty alifanikiwa miaka 22 kabla ya Jenner, lakini hakuandika kitabu. Neno tunalolitafuta halikuzaliwa kwake kwa sababu hiyo tu.

Edward Jenner alikuwa daktari wa mji mdogo wa Berkeley, Gloucestershire. Yeye mwenyewe alikuwa amefanyiwa "inoculation" ya ndui akiwa na miaka 8, na aliyakumbuka mateso yake. Mei 1796 mkamuaji mmoja, Sarah Nelmes, alikuja kwake na kidonda kikubwa mkononi. Miba ilikuwa imemkwaruza, na ugonjwa ukaingilia hapo kutoka kwa ng'ombe wa bwana wake. Ng'ombe huyo aliitwa Blossom, na ngozi yake ipo hadi leo, inatunzwa katika chuo cha udaktari cha St George's huko London, ambako Jenner alisoma. Tarehe 14 Mei, Jenner alichukua maji ya kidonda cha Sarah akamwekea mtoto wa kiume wa miaka 8, James Phipps. Alivyofanya ameeleza mwenyewe: alipasua ngozi ya mkono wa mtoto mahali pawili, juujuu tu, kila mpasuo ukiwa na urefu wa kama nusu inchi. Naomba uikumbuke hiyo mipasuo miwili, Mwalimu, kwa sababu tutairudia tukifika kwenye Kiswahili. Mtoto alipata homa kidogo, akapona. Julai 1, Jenner akampachika usaha wa ndui yenyewe. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jambo hilo. James hakuugua.

Jenner alipopeleka taarifa yake Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, haikukubaliwa. Akaendelea na majaribio, akachapisha kitabu chake kwa gharama zake mwaka 1798. Na hapa ndipo neno lilipozaliwa, kwenye jalada. Mtu aliyetaka kusikilizwa na madaktari wa zama hizo hakuweza kuja na lugha ya wakamuaji. Ndui kwa Kilatini cha madaktari iliitwa "variola", neno linalohusishwa na "varius", yaani chenye madoadoa. Jenner akachukua wingi wake, akaongeza kile kivumishi cha zizini, akapata "variolae vaccinae": ndui za ng'ombe. Ni tafsiri tu ya "cowpox", iliyovalishwa joho la kitaaluma. Kama Jenner angeridhika na lugha ya kijijini kwake, huenda leo Waingereza wangekuwa na neno lenye "cow" ndani yake, na wanafunzi wako wasingehitaji mwalimu wa kuwafichulia ng'ombe aliko.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Katika Kiingereza "vaccine" ilianza kama kivumishi: watu walisema ugonjwa wa "vaccine", maji ya "vaccine", yote yakiwa na maana ya -a ng'ombe. Mwaka 1800 daktari mpasuaji wa Plymouth, Richard Dunning, akaunda jina la kitendo chenyewe, "vaccination". Kisha kivumishi kikaachwa peke yake, lile neno lililokuwa mbele yake likaanguka, na "vaccine" ikawa jina la dawa. Wafaransa ndio walioutunza vizuri mgawanyo wa mwanzo. Kwao "la vaccine" ni ule ugonjwa wa ng'ombe, na "le vaccin" ni dawa inayochanjwa. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa atakuwa ameyaona maneno hayo mawili na pengine kudhani ni kosa la uchapaji.

Hapa niseme pia juu ya neno jingine ambalo linawapotosha wanaosoma maandishi ya zamani. Jenner anaandika mara nyingi juu ya "virus" ya ndui ya ng'ombe. Mwanafunzi makini atajiuliza, huyu bwana alivijuaje virusi miaka mia moja kabla ya Ivanovsky na Beijerinck, wanasayansi waliovigundua? Hakuvijua. "Virus" kwa Kilatini ni sumu, au majimaji mabaya yenye kudhuru, na Jenner alimaanisha hivyo tu. Wanasayansi wa miaka ya 1890 walipogundua vimelea vinavyopenya hata kwenye vichujio vya kuzuia bakteria, walilichukua neno hilo la zamani wakalipa kazi mpya. Sisi tukalimalizia kwa namna yetu: tulisikia vi- mwanzoni tukaliona ni la wingi, tukalitungia umoja, kirusi. Mrumi angeduwaa, lakini kwa sarufi yetu ni sahihi kabisa.

Turudi kwenye kicheko cha darasani. Wanafunzi wako hawakuwa wa kwanza. Wapinzani wa Jenner walilishika hilohilo la ng'ombe wakalishikilia. Walisema si haki kumtia binadamu uchafu wa mnyama, na wengine wakaonya kwamba watoto wataanza kufanana na ng'ombe. Mchoraji wa vikatuni James Gillray aliwachora wote mwezi Juni 1802. Katika mchoro wake Jenner amesimama katikati ya chumba kilichojaa watu, amemkamata mwanamke aliyeketi kwenye kiti, anamchana mkono. Pembeni yake kijana amebeba ndoo ya usaha iliyoandikwa kwamba umetoka kwa ng'ombe ungali wa moto. Upande wa pili ni waliokwisha kuchanjwa: mmoja ng'ombe mdogo anamchomoza mkononi, mwingine usoni, mwingine anatokeza nyuma ya suruali iliyochanika, na mwanamke mmoja ameanza kuota pembe. Ukutani ipo picha ya watu wanaomsujudia ndama wa dhahabu. Picha hiyo ipo kwenye mtandao, na nadhani ukiwaonyesha vijana wako watakusikiliza kipindi kizima. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilimtunza Jenner pauni 10,000, na mwaka 1807 likaongeza 20,000.

Hadi hapo "vaccine" ilikuwa na maana moja tu, nayo ni kinga ya ndui iliyotoka kwa ng'ombe. Hakuna aliyewaza kuitumia kwa kipindupindu au kichaa cha mbwa. Ingebaki hivyo kama si mwanasayansi Louis Pasteur. Karibu na mwaka 1880 Pasteur alikuwa akifanya kazi na kipindupindu cha kuku. Aliona kwamba vimelea vilivyokaa muda mrefu kwenye chombo hudhoofika, na kuku akidungwa vile vilivyodhoofika hafi, kisha hata akidungwa vikali hapati kitu. Mei 1881 akafanya vivyo hivyo hadharani kwa kondoo na kimeta, katika shamba la Pouilly-le-Fort. Alihitaji jina la jambo hili jipya. Agosti mwaka huo, katika mkutano mkuu wa madaktari huko London, alitangaza kwamba amelipanua neno "vaccination" lichukue kinga zote za namna hiyo, kwa heshima ya Jenner. Alikuwa Mfaransa anayewapa Waingereza zawadi nyumbani kwao, na wakaipokea. Tangu siku hiyo neno lenye ng'ombe likawa la kuku, la kondoo, la mbwa na la binadamu, na maana ya mnyama ikabaki ndani yake kama jina la ukoo ambalo mtu hulibeba bila kuuliza. Ukitaka siku moja ya kumwonyesha mwanafunzi pale neno lilipobadilika maana, ni hiyo. Maneno machache sana yana tarehe.

Na hapa kuna mchezo mwingine wa historia, ambao mimi binafsi ndio unaonifurahisha kuliko yote: huenda mnyama mwenyewe hakuwa ng'ombe. Jenner alishuku tangu mwanzo kwamba ugonjwa ule ulianzia kwa farasi, kwenye vidonda vya miguuni, na kwamba mtu aliyemhudumia farasi ndiye aliyeupeleka kwenye viwele alipokwenda kukamua bila kunawa. Baadhi ya madaktari walichanja watu moja kwa moja kwa usaha wa farasi, na kitendo hicho kikapewa jina la "equination", kutoka "equus", farasi. Mwaka 1939 mtafiti Allan Downie alionyesha kwamba kirusi kilichokuwa kikitumika kwenye chanjo ya ndui si kilekile cha ndui ya ng'ombe wa mashambani. Kisha mwaka 2017 watafiti walichunguza kichupa cha chanjo kilichotengenezwa Marekani mwaka 1902, wakakuta kirusi kilichomo kinafanana zaidi na ndui ya farasi. Jina lilikuwa limeshakwenda kwa ng'ombe na hakuna wa kumnyang'anya.

Sasa yule kijana wa damu ya ng'ombe. Swali lake lina akili kuliko linavyoonekana, na usimjibu kwa "hapana" ya haraka. Kwa zaidi ya miaka 100 chanjo ya ndui ilitoka kweli mwilini mwa ng'ombe. Mwanzoni maji ya kidonda yalihamishwa mkono kwa mkono, kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, na magonjwa mengine kama kaswende yalipata njia humo. Baadaye ikaonekana ni salama zaidi kutumia ndama: ndama alinyolewa manyoya, akakwaruzwa ngozi, akapakwa mbegu ya chanjo, na baada ya siku chache yale yaliyoota yakakwanguliwa na kusafishwa. Sehemu kubwa ya chanjo iliyotumiwa na Shirika la Afya Duniani katika kampeni ya kufuta ndui, iliyopamba moto tangu 1967, ilitengenezwa hivyo, kwenye ngozi za ndama, nyati-maji na kondoo. Kampeni hiyo ilimalizikia pwani yetu hii. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa maambukizi ya kawaida ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akafanya kazi ya kuhimiza chanjo ya polio nchini mwake hadi alipofariki mwaka 2013. Mei 1980 ndui ilitangazwa kuwa imekwisha.

Leo chanjo nyingi hazina ng'ombe. Zipo ambazo kiwandani seli zake hulishwa majimaji yaliyochujwa kutoka damu ya ndama, kisha hayo husafishwa, lakini jina halikutoka huko. Ila kuna moja ambayo ningemwambia kijana aangalie mkono wake mwenyewe. Lile kovu dogo la mviringo, analo yeye na analo karibu kila mwenzake darasani, ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga. Herufi hizo zinabeba majina ya Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, waliofanya kazi katika taasisi ya Pasteur huko Lille. Walichukua bakteria wa kifua kikuu, na si wa binadamu bali wa ng'ombe, wakamwotesha kwenye viazi vilivyolowekwa nyongo ya ng'ombe. Kila baada ya wiki chache walimhamishia kwenye chakula kipya, kuanzia 1908 hadi 1921, mara 230 kwa jumla, hadi akapoteza ukali wake. Watoto wetu hadi leo hupewa kizazi cha bakteria huyohuyo. Kwa hiyo katika chanjo zote anazoweza kuzitaja, hiyo ndiyo inayolistahili zaidi jina lenye ng'ombe, ingawa walioitengeneza hawakuwa wakiliwaza hilo.

Nimebakiwa na Kiswahili, na yule mwanafunzi wa matone.

Sisi hatukulichukua neno la Wazungu, jambo la ajabu kidogo ukizingatia tulivyochukua daktari na hospitali. Tulikuwa na kitenzi chetu tayari. Kuchanja ni kukata kwa kutia ufa au mpasuo: unachanja kuni kwa shoka, unachanja mbuga ukiikatiza nyika kwa mwendo mrefu, na mganga anachanja chale kwa wembe kisha anapaka dawa juu ya damu inayochuruzika. Hiyo ya chale ndiyo iliyofungua njia. Kwa mtu wa pwani au wa bara aliyeona chale maisha yake yote, mzungu mwenye kisu kidogo anayekwaruza mkono na kupaka maji ya kinga hakuwa na jipya la kuelezwa. Anachanja. Kilichokuwa kigeni ni dawa tu, kitendo kilikuwa cha siku zote. Ndiyo maana watu walisema kuchanja ndui, na jina la kitendo likawa chanjo. Rudi sasa kwenye ile mipasuo miwili ya nusu inchi katika mkono wa James Phipps. Waingereza waliipa kazi ya Jenner jina la mnyama alikotoka usaha, sisi tukaipa jina la alichokifanya Jenner kwa mkono wake. Nikiambiwa nichague lipi linamweleza mtoto vizuri zaidi kilichotokea siku ile, nitachagua letu, na si kwa upendeleo wa lugha.

Lakini letu nalo limepatwa na yaleyale. Sindano ilipochukua nafasi ya kisu, kuchanja kukawa kuchoma au kudunga. Polio ilipoletwa kwa matone, hata ngozi haikuguswa tena. Neno halikujali. Nenda kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji msimu wa kideri: anamshika kuku, anamgeuza kichwa, anadondosha tone moja jichoni, anamwachia. Muulize amefanya nini, atakwambia amechanja kuku. Hakuna aliyetoka na alama, wala wembe haukuonekana. Kwa mfugaji huyo kuchanja maana yake ni kumkinga kuku na ugonjwa kabla haujaja, na hivyo ndivyo kitenzi hicho kinavyofanya kazi siku hizi kando ya ile kazi yake ya zamani ya kuni na chale.

Kwa hiyo mwambie huyo kijana wako kwamba amesikia sawasawa: neno linasema kukata, na matone hayakati. Kisha mwambie amtazame Mwingereza, ambaye akimpa mtoto matone hayohayo anatamka neno linalosema ng'ombe, na hakuna ng'ombe chumbani. Wote wawili wanaeleweka. Katika mtihani aandike "chanjo ya matone" bila wasiwasi, na akimwandikia mzazi taarifa aseme mtoto amepata chanjo au amechanjwa, lolote kati ya hayo. Asichoweza kusema ni kwamba mtoto wa matone amedungwa, maana kudunga bado kunahitaji sindano.